Usizime Tanuri

Jumatatu, 4 Mei

Baridi imeingia leo bila hodi. Asubuhi nilitoa mkono kuzima kengele ya simu nikaurudisha haraka chini ya blanketi, nikajua msimu umeanza.

Mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi mitano na ulimi mkali kuliko pilipili, ameniletea daftari hili. "Dada, andika humu," amesema. "Kila jioni unakuja kunimwagia mambo ya karakana. Huyu wa tumboni atazaliwa anajua kupima umeme."

Haya, naandika. Karakana yetu ina watu watatu na iko ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Chifu ndiye mhandisi na ndiye aliyeianzisha. Mwenzetu tunayemwita Bado ni mkemia. Mimi ni fundi wa kuchanganya na kupima, na ndimi mwenye kucha nyeusi. Tunatengeneza mkeka wa joto wa kulalia watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao na hawana nyama ya kuwatunzia joto. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na mashine za kuwapasha, lakini kila mashine ilikuwa na kidude cha kuzima na kuwasha, na kila kidude kimekufa kwa zamu yake. Mkeka wetu hauna kidude. Wenyewe ndio unaojua kwamba umetosha.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, hakuridhika. "Unajuaje?"

Nikamweleza. Plastiki peke yake haipitishi umeme. Tukiichanganya na masizi laini, chembe za masizi zinagusana, na umeme unapita toka chembe hadi chembe, kama ndoo ya maji inavyopita kwenye mstari wa watu wanaozima moto. Umeme ukipita, plastiki inapata joto, na ikipata joto inavimba. Ikivimba, wale watu wanasogezwa mbalimbali, mikono haifikiani, ndoo inasimama. Mkeka unapoa, unanywea, mikono inakutana tena.

"Yaani shemeji yangu anasuka mikeka," akasema, "na nywele za mdogo wake hajui kusuka."

Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani. Nashukuru nina ndugu wa kunichokoza.

Jumatano, 6 Mei

Leo Bado amenichosha, kwa hiyo atakula ukurasa mzima.

Jina lake la kweli lipo kwenye orodha ya mishahara, lakini hakuna anayelitumia. Ukimuuliza kama gundi imekauka, anasema bado. Kama mchanganyiko uko tayari, bado. Kama amekula, bado, na hapo ni saa tisa alasiri.

Tuna desturi yetu hapa. Tunaweka kipande cha plastiki yenye masizi ndani ya tanuri, tunakiunganisha na kipimo, tunapandisha joto taratibu. Mshale wa kipimo unaonyesha ukinzani, yaani ubishi wa kile kipande dhidi ya umeme. Kwa muda mrefu mshale unajivuta tu. Halafu, plastiki inapokaribia kuyeyuka, unaruka juu ghafla. Aliye karibu anapaza sauti, "Imekata!" Wengine wanaitikia, "Na ikatike!" Tunazima tanuri, tunapeana mikono, tunakwenda kunywa chai. Tumefanya hivyo tangu kipande cha kwanza kabisa.

Bado haji kwenye chai. Anabaki pale na kiti chake, anaangalia tanuri linavyopoa kama mtu anayeuguza. Na hajawahi, hata siku moja, kusema "Imekata". Leo amesema, kwa sauti yake ile ya kuomba radhi, "Tungeliacha lipande kidogo zaidi."

"Lipande liende wapi?" Chifu akamuuliza. "Kipande kimeshakata. Unataka kikate mara mbili?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Nikamwambia ningempima yeye ubishi wake, mshale ungevunjika. Chifu amecheka. Bado ametabasamu na kurudi kwenye kiti chake. Mtu huyu hata kutukanika hajui.

Jumatatu, 11 Mei

Baridi. Vipande viwili vimekata vizuri. Chai mara mbili.

Alhamisi, 21 Mei

Sista amekuja karakana. Ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mwanamke mpana, mwenye mikono ya kuaminika na viatu visivyotoa sauti. Amekaa kwenye ndoo ya masizi iliyofunikwa kwa sababu viti vyetu vimejaa waya.

"Wanangu," amesema, "baridi hii inanimalizia watoto. Kina mama wanawabeba vifuani, na hiyo ndiyo dawa bora kuliko zote. Lakini yuko mama aliyefanyiwa upasuaji, yuko mama mwenyewe mgonjwa, yuko mama hatunaye tena. Wa hao niwaweke wapi?"

Chifu ameahidi mikeka kabla baridi haijafika kileleni. Bado amekohoa. Nimemkanyaga mguu chini ya meza, naye kwa adabu zake akausogeza ili nipate nafasi.

Ijumaa, 22 Mei

Bado anataka kila kipande kipashwe na kupozwa tena na tena kabla hakijapimwa, eti kwa mara ya kwanza masizi hayajatulia mahali pake. Ni kweli vipimo vya mara ya kwanza na vya mara ya tano havilingani, nimeona mwenyewe. Lakini ana namna ya kuwa na haki inayotia hasira.

Jumapili, 31 Mei

Nimeshinda kwa mdogo wangu. Miguu imemvimba. Anasema ni viatu. Viatu gani, na yuko pekupeku?

Jumatatu, 8 Juni

Tumemaliza mkeka wa kwanza mzima! Mweusi, laini, unakunjika kama shuka nene, umeshonewa kitambaa kinachofutika. Chifu ameuwasha juu ya meza, sote tukaweka viganja. Ukapanda joto, ukafika joto la mwili, ukatulia hapo hapo kama ng'ombe aliyefika zizini. Sikutegemea kulia, ila nililia kidogo, na Chifu akajifanya anatafuta bisibisi.

Sista ameuomba uazimwe hata kabla ya mingine, waanze kuuzoea. Bado akasema bado. Nikasema mimi naupeleka, na nikaupeleka, mikono miwili, kama mtu anayebeba keki. Nimevuka barabara nikiwa najiona mrefu.

Alhamisi, 11 Juni

Jino linamuuma Bado. Shavu limevimba kama amemeza yai zima. Chifu amemfukuza aende kwa daktari wa meno. Mlangoni akageuka, akanitazama mimi, siyo Chifu.

"Nisaidie kitu kimoja. Kipande kikikata leo, usizime tanuri."

"Niache mpaka lini?"

"Mpaka uchoke."

Nilitaka kumwambia nimeshachoka. Lakini shavu lile lilinitia huruma, nikakubali. Kwa hiyo mshale uliporuka, nilisema "Imekata!", Chifu akaitikia, akaenda kwenye chai, na mimi nikabaki na kile kiti, nimenuna, nikisikia kijiko cha Chifu kinavyogonga kikombe.

Joto likaendelea kupanda. Mshale ulikaa juu. Nikapiga miayo. Halafu ukaanza kushuka.

Nilidhani waya umelegea. Nikaukaza. Mshale ukaendelea kushuka, polepole kwanza, halafu kwa haraka, mpaka ukakaribia pale ulipokuwa asubuhi. Kipande kilichokataa umeme sasa kilikuwa kinaukaribisha, na kilikuwa cha moto kuliko kilivyowahi kuwa.

Nimerudia na kipande kingine. Kimefanya vile vile.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemweleza Bado. Amesikiliza huku ameshika shavu lenye pamba, na hakusema "nilikwambia", jambo ambalo mimi ningelisema hata kabla sijavua koti.

"Plastiki ikiyeyuka kabisa," akasema taratibu kwa sababu ya pamba, "hakuna kinachoyashika masizi mahali pake. Yanaogelea. Yanatafutana. Wale watu wako wa ndoo waliotenganishwa, sasa wanatembea wenyewe na kushikana tena."

"Ulijua?"

"Nilisoma kwamba zipo plastiki za namna hiyo. Sikujua kama yetu ni mojawapo."

Chifu alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Ni jambo la kweli lakini halituhusu. Mkeka unakata chini kabisa ya joto hilo. Ukishakata, haupandi tena. Nani ataufikisha huko?"

Nami nilikubaliana na Chifu. Mkeka wenyewe hauwezi kujifikisha. Bado alisema "labda", akaenda kusukutua mdomo kwa maji ya chumvi.

Jumapili, 14 Juni

Shinikizo la damu la mdogo wangu limepanda. Wamemlaza ili wamtazame. Shemeji hajafanya utani hata mmoja, na hilo limenitisha kuliko maneno ya daktari.

Jumanne, 16 Juni

Mwandiko wa leo utanisamehe.

Mchana nilivuka barabara kumwona mdogo wangu. Wodi ya wajawazito na ile ya watoto wachanga ziko kwenye korido moja. Nilimkuta amekaa kitandani, uso umejaa, anasikia baridi. Sista akapita, akamwona anavyojikunyata, akaondoka na kurudi na blanketi.

"Chukua, mama, hili la moto moto."

Mdogo wangu akalikumbatia, akalibandika shavuni. "Dada, shika. Unaiona hoteli niliyofikia?"

Nikalishika. Halikuwa vuguvugu. Lilikuwa la moto wa kukuondoa mkono.

"Sista," nikasema, "mnayapashia wapi?"

Alifurahi nimeuliza. Akanichukua hadi mwisho wa korido, kwenye kabati la bati lililojengwa ukutani. Nyuma yake yanapita mabomba ya mvuke ya chumba cha kuchemshia vifaa. Akalifungua, joto likanipiga usoni. Blanketi ndogo, kofia ndogo za sufu, soksi zisizoingia hata kidole gumba changu, vyote vimekunjwa vizuri. Na rafu ya chini kabisa, iliyogusa bomba, mkeka wetu.

"Na wenu tunautunza humu humu," akasema. "Mtoto asianze kwa kulala kwenye kitu cha baridi. Anakuja mmoja sasa hivi kutoka chumba cha kujifungulia, mama yake bado yuko kwenye meza ya upasuaji." Akauchomoa, akautupia begani kama taulo, akaenda zake na viatu vyake vile visivyo na sauti, moja kwa moja hadi kwenye kitanda kidogo kilichoandaliwa chini ya soketi.

Sekunde hiyo niliuona mshale. Niliuona ukishuka. Nani ataufikisha huko, Chifu aliuliza. Basi aliyeufikisha ni huyu, kwa upendo, ili mtoto asishtuke na baridi.

"Usichomeke!"

Nilipiga ukelele ambao nadhani hata Chifu aliusikia ng'ambo. Watoto watatu wakaamka kwa pamoja. Sista akasimama, plagi mkononi.

"Mwanangu, humu hatupigi kelele."

"Nisamehe, Sista. Usiuchomeke tu. Nakuomba. Ukiwashwa ukiwa wa moto hivi hautajizima. Utazidi na kuzidi."

Alinitazama mimi, akatazama mkeka, akaichomoa plagi kutoka kwenye vidole vyake mwenyewe kama vile si vyake. "Lakini mlisema unajizima."

"Tulisema. Tulikosea."

Nikauliza kama umeshalaliwa na mtoto. Hapana. Walikuwa wanamsubiri fundi umeme awawekee soketi, na fundi alikuwa amewazungusha wiki nzima, amekuja leo asubuhi. Nilitamani kumtafuta fundi huyo mvivu nimpigie magoti.

Nimerudi karakana na mkeka kifuani, unanichoma hata kupitia sweta. Tuliurudisha kwenye joto kama la lile kabati, tukaulaza mezani, tukauchomeka, na mahali pa mtoto tukaweka mfuko wa maji uliofungwa taulo. Badala ya kupoa, mkeka ulizidi joto. Taulo likaanza kuwa la kahawia pembeni, harufu ikajaa chumba. Chifu akavuta waya kwa mkono wake mwenyewe, akakaa chini sakafuni na suti yake.

"Tulikuwa tunakwenda kunywa chai," akasema.

Jumatano, 17 Juni

Chifu amekwenda kwa Sista mwenyewe, mapema, kueleza kila kitu bila kujificha nyuma ya mtu. Aliporudi alisema Sista amemsikiliza hadi mwisho, halafu amemuuliza, "Sasa wa kweli mnaniletea lini?" Hakutufukuza. Mungu ampe maisha marefu yule mama.

Mimi nimekwenda kwenye kiti cha Bado.

"Asante," nikasema.

"Wewe ndiye uliyekaa."

"Kwa sababu uliniomba. Ningelizima. Ningekwenda kwenye chai, na jana ningemwangalia Sista akichomeka na kutabasamu."

"Jino lilinisaidia," akasema. "Ningekuwepo, ungeniachia mimi, na mimi siendi wodini. Nisingeliona hilo kabati."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimelifikiria siku nzima.

Jumatatu, 22 Juni

Mpango ni wa Bado. Kuna unga mweupe unaotiwa kwenye mchanganyiko. Ukibanwa kwa joto kali kwenye mashine ya kukandamiza, unazifunga nyuzi za plastiki zenyewe kwa zenyewe, kama wavu. Baada ya hapo plastiki inaweza kulegea lakini haiwezi kutiririka, na masizi yakitaka kuogelea hayana bwawa. Juu ya hayo anataka fyuzi kwenye waya. Chifu amesema ndiyo kwa yote. Na kabati la Sista limebandikwa tangazo kubwa, kwa mwandiko wa Sista mwenyewe, unaotisha.

Alhamisi, 25 Juni

Imeshindikana. Kipande hakipati joto hata la kumpasha sisimizi.

Ijumaa, 26 Juni

Vile vile.

Jumatatu, 29 Juni

Masizi kidogo mno. Kesho naongeza. Kwa mdogo wangu: shinikizo halishuki, lakini ulimi wake bado mzima. Amemwambia daktari kwamba dada yake anatengeneza mikeka ya kuunguza watu. Daktari hakujua acheke au aandike.

Jumatano, 8 Julai

Baridi ya kuuma masikio. Vioo vya wodi vimefunikwa na mvuke kwa ndani. Kila nikipita korido naona kina mama wameketi na watoto vifuani chini ya kanga na makoti, na kile kitanda chini ya soketi mpya, kitupu. Sista hanidai kwa maneno. Ananisalimia tu, na salamu yenyewe inatosha.

Kipande cha leo kilikata. Hakuna aliyepaza sauti. Tuliliacha tanuri lipande. Mshale ulikaa juu, halafu ukashuka kidogo, kwa aibu, kama mtu anayechungulia. Bado akasema, "Inakaribia." Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akitumia neno lingine.

Jumanne, 14 Julai

Imekaa! Tumepandisha joto kupita la kabati, tukalipita tena, mshale juu kama umepigwa msumari. Chifu alitaka kushangilia, akajizuia, akamtazama Bado. Bado akataka turudie. Tumerudia. Tumekipoza kipande, tukakipasha, tukakipoza. Sikuchoka hata kidogo. Nilivuta kiti changu kando ya chake na kumbe si kuuguza anakokufanya pale. Ananong'ona nyimbo.

Jumatatu, 20 Julai

Tunashona mkeka mpya. Bado anaupasha na kuupoza kila siku. Nikimuuliza, nalijua jibu.

Jumanne, 21 Julai

Asubuhi shemeji alipiga simu, sikumwelewa. Kuona kwa mdogo wangu kulianza kuwa na ukungu, kichwa kinapasuka, madaktari wakasema mtoto atoke sasa, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Wiki nyingi kabla ya siku zake.

Nimesimama korido na shemeji. Hatukushikana mikono, tulishikana mikono ya makoti. Kisha mlango ukafunguliwa na Sista akatoka na furushi, na ndani ya furushi kuna uso wa ukubwa wa chungwa, umekasirika.

"Wa kike," akasema. "Baba yuko wapi? Vua shati."

Shemeji akageuka nyuma kutazama ni baba gani anayeambiwa. Sista hakungoja, alimfungua vifungo mwenyewe, akamketisha, akamlaza mtoto kifuani pake ngozi kwa ngozi, akawafunika. Mwanaume yule mwenye maneno mengi alikaa kama sanamu.

"Anapumua," akaninong'oneza. "Shemeji, ananipumulia."

Mdogo wangu yu hai. Hajazinduka vizuri na haruhusiwi kuguswa sana. Lakini yu hai. Asante, asante, asante. Sijui niandike nini kingine.

Alhamisi, 23 Julai

Shemeji amembeba kwa siku mbili, nami namchukua akienda kula na kujinyoosha. Hata hivyo leo amesinzia, mikono ikalegea, Sista akamdaka mtoto. Hakugomba. Alinitazama tu juu ya kichwa chake.

Mdogo wangu amefumbua macho mchana na kuuliza kama mtoto anasikia baridi. Nikamwambia hana. "Usinidanganye, Dada," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yake.

Nimevuka barabara bila kutazama magari. Bado alikuwa na mkeka mapajani.

"Ni mtoto wetu," nikamwambia. "Sikuombi uharakishe. Nakuuliza tu. Ungekuwa wako?"

Chifu, mezani kwake, aliacha kuandika. Kisha Bado akaukunja mkeka, akavaa koti lake.

"Twende," akasema. "Ila na mimi nakuja."

Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona akivuka ile barabara.

Ijumaa, 24 Julai

Nimelala kidogo, sasa naweza kuandika ilivyokuwa jana.

Daktari alikwishapewa vipimo vyote na Chifu, akaridhia, akaweka na kipimajoto chake cha kuangalia. Bado alimwomba Sista aingize mkeka kwanza kwenye lile kabati la mvuke. Sista akashtuka, akamwonyesha tangazo lake. "Najua, mama," Bado akasema. "Ndiyo maana." Ukakaa humo mpaka ukawa wa moto wa kukuondoa mkono. Akautoa, akauchomeka bila mtoto, akaweka kiganja chake juu, na sote, mimi, Sista na mtoto kifuani, daktari, shemeji na shati lake mkononi, tukasimama kukiangalia kiganja cha mtu. Mkeka ulipoa. Ulishuka hadi joto la mwili, ukatulia.

Ndipo Sista akamlaza binti yetu, tumbo chini, kofia ya sufu imemfikia puani. Alikunja uso, akatanua vidole, akavikunja. Shemeji alikaa sakafuni kando ya kitanda akalala papo hapo, mdomo wazi.

Bado akavuta kiti. Akaingiza mkono chini ya mtoto, pale kwenye ukingo, akasubiri. Kipimajoto cha daktari kilipanda, kikafika, kikasimama. Alisubiri tena. Niliketi kando yake. Mkono wake ulikuwa na madoa ya masizi kama wangu, sikuwahi kuyaona. Dirishani jua la alasiri lilikuwa linaingia bila joto lolote, na kitandani alikohamishiwa humo ili awe karibu na mtoto, vitanda vitatu mbele, mdogo wangu alikuwa amegeuza kichwa anatutazama.

Halafu Bado akainama, ili asimwamshe mtoto, akasema taratibu sana, "Imekata."

Nilitaka kuitikia kama desturi, nikachelewa. Aliyeitikia ni mdogo wangu, kutoka kule kitandani, kwa ile sauti nyembamba. Maneno amejifunza kwangu, kwa jioni zote nilizomchosha. "Na ikatike."

Chai ilikuwa imefika saa yake. Nikamuuliza Bado kama anakuja.

"Bado," akasema. "Nakaa naye kidogo."

Nikaenda kuileta, vikombe viwili, nikarudi navyo pale pale, nikavuta kiti changu karibu na chake.